Klachi, mkono au giaboksi: gia zikigoma Nairobi, ulipie nini?

"Giaboksi imeenda, mathe." Fundi alilihukumu gari langu kwa maneno hayo kando ya Jogoo Road, saa kumi na mbili asubuhi, kreti za nyanya zikiwa nyuma ya Probox na gia ya kwanza ikikataa katakata kuingia. Boneti ilikuwa bado imefungwa. Kesho yake giaboksi ikashushwa, ikapandishwa nyingine ya mtumba, nikalipa na nikashukuru. Siku ya tatu gari likagoma vilevile, safari hii nikielekea Kangemi. Kumbe kilichokuwa kinasumbua ni masta ya chini ya klachi, silinda ndogo inayotosha kiganjani, iliyokuwa ikivuja taratibu ndani ya kifuniko chake cha mpira. Giaboksi yangu haikuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo sikubali gari langu liguswe kabla sijajibu maswali mawili. Kwanza, ugonjwa uko wapi: kwenye klachi, kwenye mkono wa gia, au ndani ya giaboksi? Pili, kati ya njia mbili tatu za kuutibu, ipi inalifaa gari hili na mfuko huu? Magari ya gia za mkono yaliyobaki mjini mengi ni ya kazi: Probox, AD, Hiace, Hilux, D-Max, Canter. Likilala gereji wiki nzima, hata pesa ya kulitoa inakosekana, kwa hiyo kuchagua vibaya kunauma mara mbili.

Mguu, mkono na sanduku

Mimi hugawa mambo hivi. Mguu ni pedali ya klachi, masta ya juu iliyo nyuma ya pedali, paipu ya mafuta ya breki, masta ya chini, halafu klachi yenyewe iliyobanwa kati ya injini na giaboksi: presha pleti, klachi pleti, na beringi inayozisukuma. Mkono ni leva unayoishika, bushi zake, na kebo zinazopeleka amri hadi kwenye giaboksi. Sanduku ni giaboksi: gia, shafti, beringi, uma zinazosukuma gia, na pete za shaba ziitwazo sinkro, ambazo hulainisha tofauti ya mwendo kabla meno hayajakutana.

Kazi ya klachi unapokanyaga ni kukata, injini na giaboksi ziachane kabisa. Isipokata sawasawa, shafti ya giaboksi inaendelea kuzungushwa na injini, na gia haziingii ila kwa vita. Ukiachia pedali, kazi yake ni kushika. Isiposhika, inateleza. Haya ni magonjwa mawili yenye tabia tofauti, na watu huyachanganya kila siku. Klachi isiyokata inazuia gia kuingia. Klachi inayoteleza haizuii chochote, gia zinaingia vizuri kabisa, ila injini inanguruma na gari halivuti. Ukimwambia fundi "klachi mbaya" bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili, umempa ruhusa ya kubadilisha chochote anachotaka.

Vipimo visivyo na gharama

Anza na injini imezimwa. Kanyaga klachi, pitisha gia zote, pamoja na ya kurudi nyuma. Sasa washa, rudia. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwaka, acha kuitazama giaboksi kwa jicho baya. Klachi haikati. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imelala, tatizo liko kwenye mkono au ndani ya sanduku. Angalizo moja tu: gari likiwa limesimama na kuzimwa, wakati mwingine gia moja hukataa kwa sababu meno yamekutana uso kwa uso. Sukuma gari kidogo, jaribu tena, ndipo uhukumu.

Kipimo cha pili ndicho nikipendacho kuliko vyote. Injini ikiwaka na gari limesimama, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu moja hadi nne, halafu weka gia ya kurudi nyuma. Kwenye magari mengi ya kawaida gia hiyo haina sinkro, kwa hiyo haina cha kuificha aibu ya klachi. Ikiingia kimya, klachi inakata. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, shafti bado inazunguka, maana yake mguu wako haujafika unakodhani umefika.

Halafu pampu pedali mara tatu haraka na ujaribu tena. Gia ikiingia baada ya kupampu, kuna hewa kwenye mafuta au masta mojawapo imechoka. Chungulia kikopo cha mafuta, kisha pitisha kidole juu ya pedali pale masta ya juu inapotokea ndani ya gari, halafu vuta kifuniko cha mpira cha masta ya chini. Palipo na unyevu ndipo palipo na ugonjwa. Futa vidole vizuri baadaye, mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. Mimi nina doa kwenye ukingo wa boneti la kunikumbusha.

Kwa klachi inayoteleza, subiri kilima. Ukiwa gia ya nne unapanda, kanyaga mafuta ghafla: mshale wa mizunguko ukiruka na mwendo ukabaki palepale, klachi imeisha. Unaweza pia kusimamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, ukavuta breki ya mkono hadi mwisho, ukakanyaga breki, ukaweka gia ya tatu na kuachia klachi taratibu. Injini nzima yenye klachi nzima inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, umepata jibu. Usirudie kipimo hiki mara tano kama nilivyomwona kijana mmoja akifanya huko Industrial Area. Alimaliza kile kilichokuwa kimebaki, na harufu yake ilitufuata hadi upande wa pili wa barabara.

Hapa niseme neno kuhusu jiji lenyewe. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Probox yangu hapa ni mnyonge kuliko ndugu yake aliyeko Mombasa. Dereva hufidia kwa kukanyaga mafuta na kuachia klachi nusunusu, hasa kwenye Valley Road magari yakiwa yamesimama mlimani. Gari linashikiliwa kwa klachi badala ya breki ya mkono, na klachi inaliwa dakika kwa dakika. Ndiyo sababu siwezi kukuambia klachi hudumu kilomita ngapi. Ile ile inayofika 150,000 kwa mtu wa barabara kuu inaweza kuisha kabla ya 50,000 kwa dereva wa msongamano.

Sasa mkono. Mwambie mtu akae ndani asukume leva, wewe simama kando ya boneti iliyofunguliwa, injini ikiwa imezimwa, uangalie kebo zinavyofika kwenye giaboksi. Kwenye magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele ziko mbili, moja ya kuchagua njia kulia na kushoto, nyingine ya kusukuma mbele na nyuma. Leva ikienda bila kebo kufuata, au kebo ikifuata kwa kuchelewa, bushi imekufa au kebo imevutika ikalegea. Kisha sukuma kile kikono cha giaboksi kwa mkono wako mwenyewe. Kikienda vizuri, sanduku ni zima na unachohitaji ni kipande cha plastiki. Kwenye pikapu nyingi leva imekaa moja kwa moja juu ya giaboksi, hakuna kebo, lakini pale chini ya leva kuna bushi ambayo ikiisha mkono unayumba kama jino bovu na unatafuta gia ya tatu hadi kwenye kiti cha abiria.

| Unachokiona | Klachi | Mkono na kebo | Ndani ya giaboksi |
|---|---|---|---|
| Gia zinaingia injini ikizimwa, zinagoma ikiwaka | Karibu hakika, haikati | Hapana | Mara chache |
| Ukipampu pedali, gia inaingia | Hewa au masta | Hapana | Hapana |
| Gia zote ngumu hata injini imezimwa | Hapana | Anzia hapa | Kama kebo ni nzima |
| Gia moja tu inakwaruza | Hapana | Mara chache | Sinkro ya gia hiyo |
| Injini inanguruma, mwendo hauongezeki | Inateleza | Hapana | Hapana |
| Gia inachomoka yenyewe | Hapana | Maunti (mipira inayobeba injini) na kebo kwanza | Halafu huku |
| Kelele ukikanyaga pedali | Beringi ya klachi | | |
| Kelele gari likiwa fri (bila gia), inapotea ukikanyaga pedali | | | Beringi ya shafti |

Mistari miwili ya jedwali hilo inahitaji maneno zaidi.

Gia moja ikikwaruza, mara nyingi ni ya pili, kwa sababu ndiyo inayobadilishwa zaidi mjini na ndiyo yenye tofauti kubwa ya mwendo unapotoka ya tatu. Jaribu klachi mbili: kanyaga, toa gia uweke fri, achia pedali, kanyaga mafuta kidogo, kanyaga klachi tena, ingiza ya pili. Ikiingia kimya, sinkro ndiyo iliyochoka, maana umefanya kwa mguu kazi ambayo ingefanywa na ile pete ya shaba. Madereva wa zamani waliendesha hivyo siku zote. Sinkro ziliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1928, kupitia Cadillac ya Marekani, na malori yalichelewa sana kuzipata.

Gia ikichomoka yenyewe unapoachia mafuta, kabla hujakubali sanduku lifunguliwe, angalia maunti za injini. Mpira wa maunti ukikatika, injini inainama unapokanyaga mafuta na kuinuka unapoachia, na kwenye gari lenye kebo au vyuma vya kuunganisha hiyo inatosha kuivuta gia nje. Mtu akae ndani, breki ya mkono juu, aachie klachi kidogo sana kwenye gia ya kwanza kisha aikanyage tena. Wewe simama pembeni, kamwe usikae mbele ya gari, utazame injini. Ikiruka kama mbuzi, umepata.

Oili, ambayo haiulizwi na mtu

Nimesimama mbele ya maduka ya Kirinyaga Road nikimsikiliza muuzaji akimpa mtu oili yoyote iliyoandikwa "gia". Barabara hiyo zamani iliitwa Grogan Road, na watu bado huita eneo lote Grogan, kwa jina la yule mzungu aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Oili za gia hutofautiana kwa daraja. GL-5 imejaa dawa ya kulinda meno ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) yenye mzigo mzito, na dawa hiyo inaweza kuila shaba ya sinkro au kuifanya iteleze mno isishike. Giaboksi nyingi za mkono zinataka GL-4, kwa kawaida 75W-90. Nyingine zinataka oili ya giaboksi za otomatiki, na Honda kadhaa za zamani ziliruhusu hata oili ya injini. Kitabu cha gari ndicho hakimu hapa. Fundi anayesema "zote ni sawa" amekupa taarifa muhimu kumhusu.

Kubadilisha oili ni matibabu na kipimo kwa wakati mmoja. Fungua bolti ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ukimwaga kisha ukakuta ya kujazia imeshika kutu, gari limelala hapo hapo. Kisha tazama kilichotoka. Vumbi laini linalong'aa kwenye sumaku ni umri tu. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika ni msiba. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hilo si ajabu kwa gari lililopita kwenye mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024, kwa sababu giaboksi ina kitundu cha kupumulia kinachokunywa maji yanapofika juu. Na kama gia zako ni ngumu dakika kumi za kwanza asubuhi za Julai, kisha zinalainika, usimwite mtu. Oili imeganda kwa baridi kama wewe.

Matibabu ya mguu

Kati ya kutoa hewa tu, kuweka raba mpya, na kununua masta mpya, watu huchagua kwa bei. Mimi nachagua kwa kutazama ndani ya silinda. Kutoa hewa na kubadilisha mafuta kunatosha kama mafuta yalikuwa yameisha tu au yamekaa miaka mingi, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu. Ila kama kikopo kinapungua tena baada ya wiki, umepaka poda kwenye jeraha. Raba mpya zinafaa ikiwa ukuta wa silinda ni laini. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye mkwaruzo au kutu, raba mpya italiwa na ukuta uleule ulioila ya kwanza. Hapo nunua masta nzima.

Je, ubadilishe zote mbili, ya juu na ya chini? Nilibadilisha ya chini peke yake, na miezi minne baadaye ya juu ikaanza kunidondoshea mafuta kwenye kiatu. Zilizaliwa siku moja na zimefanya kazi moja. Kama unazipata, badilisha pamoja.

Kuna magari ambayo masta ya chini imefichwa ndani, imeizunguka shafti, na huifikii bila kushusha giaboksi. Kwa hayo, kila klachi inapobadilishwa, masta hiyo ibadilishwe pia, hata kama ni nzima, vinginevyo utalipa kazi ileile mara ya pili.

Klachi: mpya, ya kuvalishwa, au ya mtumba

Kazi kubwa hapa ni kushusha na kupandisha giaboksi, na bei ya kazi hiyo haibadiliki hata ukiweka kipuri cha aina gani. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niache ubahili. Mtu anayenunua klachi pleti peke yake na kurudisha presha pleti ya zamani na beringi ya zamani ameokoa sehemu ndogo na kuhatarisha yote. Seti kamili ya vipande vitatu kutoka kwa majina kama Exedy, Aisin, LuK, Sachs au Valeo, ikiwa halisi, ndiyo ningeiweka kwenye gari lolote dogo la kawaida. "Ikiwa halisi" ina uzito wake, kwa sababu boksi lenye jina zuri si ushahidi. Nunua duka linalotoa risiti na linalokubali kurudishiwa, na usiiache klachi yako ya zamani itupwe kabla hujaiweka kando ya ile mpya: linganisha upana, idadi ya meno ya katikati, urefu wa kitovu. Klachi pleti mpya iteleze kwenye shafti ya giaboksi kwa mkono, bila kulazimishwa. Usifunge isiyoteleza.

Kuvalisha, yaani kuondoa lainingi (tabaka la kushikia) iliyokwisha na kupigilia nyingine kwenye pleti ileile, ni ufundi wa kweli na una mahali pake. Kwa trekta, kwa lori la zamani ambalo kipuri chake hakipatikani, au kwa mashine ya shambani, ningeuchagua bila aibu. Kwa Probox, ambayo seti yake iko kila duka la pili? Hapana. Springi za pleti na kitovu chake vinabaki vya zamani, na lainingi isiyopigiliwa sawasawa hutetemesha gari kila unapoondoka. Klachi ya mtumba ndiyo mbaya zaidi katika orodha yote. Unalipa kushusha giaboksi ili uweke kitu ambacho mwenzako alishakitumia nusu, au robo tatu, nani ajuaye.

Giaboksi ikiwa chini, tazama pia flaiwili, ile sahani nzito ya injini ambayo klachi hubanwa juu yake. Madoa ya buluu na mikwaruzo yanamaanisha ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Tazama na sili ya nyuma ya injini: ikilowa oili, ibadilishe sasa hivi, kwa sababu oili hiyo itamwagikia klachi mpya na utakuwa umerudi mwanzo. Magari mengi ya dizeli ya kisasa, hasa ya Ulaya, yana flaiwili ya tabaka mbili yenye springi ndani. Hiyo haisawazishwi ovyo, na bei yake inaweza kuzidi klachi yenyewe. Uliza kabla, si baada ya gari kuwa juu ya mawe.

Kisha iendeshe klachi mpya kwa upole kilomita 500 hadi 800 za kwanza. Usibebe mzigo wa kuvunja rekodi siku ya kwanza. Mimi nilibeba viazi.

Giaboksi: kufungua, mtumba, au kuishi nayo

Kuna njia ya tatu ambayo hakuna fundi atakayekutajia, kwa sababu haina malipo: kuishi nayo. Sinkro ya gia ya pili iliyochoka si dharura. Weka oili sahihi, punguza haraka, tumia klachi mbili unaposhuka kutoka ya tatu, na gari linaweza kukutumikia muda mrefu wakati unakusanya pesa. Lakini gia inayochomoka, au beringi inayolia kwa sauti inayopanda kila wiki, usiishi nayo. Fikiria gia ya pili ikichomoka ukiteremka bonde la Mai Mahiu na mzigo, breki zimeshapata moto.

Kati ya kufungua giaboksi yako na kununua ya mtumba kutoka Japani, ushindani ni mkali na jibu linategemea gari. Kufungua kuna faida moja kubwa: unaijua historia ya kilichomo. Ikiwa ni sinkro moja na beringi mbili, na vipuri vinapatikana, giaboksi iliyofunguliwa na mtu anayejua itazidi mtumba wowote. Tatizo ni kwamba bei huijui hadi ifunguliwe. Ulienda kwa sinkro, ukakuta uma umeliwa, na gia yenyewe meno yake ya kushikia yamekuwa duara. Kuna kingine: kazi hii inataka prensi, vivuta beringi na meza safi. Nimeona giaboksi ikifunguliwa juu ya gunia kando ya barabara, matatu zikipita na kuiongezea vumbi. Kwa klachi na kebo, fundi mwaminifu wa kando ya barabara ananitosha kabisa, tena ana haraka na bei nzuri. Kwa giaboksi iliyofunguliwa, nataka mtu ambaye kazi yake ni giaboksi tu, chini ya paa. Mimi nilimpata mzee mmoja huko Kariobangi Light Industries, na kabla ya kugusa gari alinifanyia vipimo vyote nilivyokuandikia hapo juu. Nilivijua kwake.

Mtumba una faida ya kasi. Asubuhi gari linaingia, jioni linatoka. Kwa magari yaliyojaa mjini giaboksi za mtumba zinapatikana, na mara nyingi bei yake inakaribiana na ya kufungua. Hasara yake ni mbuzi kwenye gunia. Punguza giza kadiri unavyoweza. Soma kibao cha chuma kwenye chumba cha injini; cha Toyota huandika msimbo wa giaboksi na ekseli, na msimbo huo ulingane, kwa sababu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana uwiano wa difu, sensa ya mwendo, au moja ni ya magurudumu manne na nyingine mawili. Zungusha shafti kwa mkono, pitisha kila gia, sikiliza. Tikisa shafti juu na chini, isicheze kama ufunguo kwenye kufuli la zamani. Toa bolti ya oili unuse: harufu ya kuungua ni sababu ya kuondoka. Na muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti, kwa siku, si kwa "tutaongea, mathe".

Kwa Canter au Hilux inayobeba mzigo kila siku, ningefungua ya kwangu. Kwa gari dogo lenye giaboksi iliyovunjika ganda lake, au iliyokunywa maji ikakaa nayo miezi, ningenunua mtumba. Kuhusu kubadilisha gari la mkono liwe otomatiki, niliwahi kuuliza. Mzee wa Kariobangi alinitazama, akaendelea kunywa chai.

Ile giaboksi yangu ya kwanza niliidai siku ileile ilipotolewa, nikaiweka nyuma ya nyumba chini ya gunia, kwa sababu tu niliilipia. Mwezi uliopita ya mtumba imeanza kukwaruza gia ya pili. Nikaibeba ile ya zamani hadi Kariobangi, mzee akaizungusha, akapitisha gia zote tano, akanusa oili yake, akaniuliza ni nani aliyeitoa kwenye gari na kwa nini. Inarudi Jumamosi ijayo, pamoja na sili mpya na lita mbili za GL-4.